Maji Yasiyo na Chumvi

Sisi tuliokulia pwani hudhani kwamba aijuaye bahari ameyajua maji yote. Tulipowazuru jamaa zetu Ufaransa msimu wa joto, nao wakatupeleka Ziwa Annecy chini ya milima ya Alps, vijana wetu walikuwa wamekwisha vua mashati kabla gari halijasimama. Tuliwataka wasubiri.

Ziwa lile lina takriban kilomita za mraba 27, na penye kina kirefu kabisa hufikia mita 82. Maji yake ni maangavu, hata mtu huyaona mawe ya chini akadhani yako karibu. Tena ni maji matamu, hayambebi muogeleaji kama yafanyavyo ya chumvi. Aliyezoea kulala chali baharini Tanga ataona miguu inazama. Nalo jua la Julai hupasha tabaka la juu tu, huku chini kukiwa na baridi kali. Mwili uliopata moto juani ukitumbukizwa ghafla katika baridi hiyo, mtu hutweta bila hiari, na akitweta kichwa kikiwa majini huvuta maji badala ya hewa. Basi huingiwa taratibu, baada ya kujimwagia maji mikononi, usoni, shingoni na kifuani, karibu na mfano wa mwenye kutawadha.

Ufukweni pana mlingoti wa bendera. Ya kijani ina maana waokoaji wapo na hali ni salama. Ya njano, wapo lakini pana hatari. Nyekundu ni marufuku. Mlingoti ukiwa mtupu, hakuna akutazamaye. Nambari ya dharura ni 112.

Ami yetu mmoja, katika kututania, alisema tusiogope sana kwani afaye maji ni shahidi. Tulimjibu kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa: "Ami, bishara ile ni faraja ya wafiwa, si ruhusa ya uzembe. Tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi." Alinyamaza, kisha akaomba aonyeshwe mtoto wa kumlinda. Tukampa wa miaka sita, kwa sharti asimwache zaidi ya urefu wa mkono wala asishike simu. Anayezama aghalabu hapigi kelele. Mdomo u majini, pumzi ya kuita hana.

Suala la sitara lilitushughulisha pia. Buibui na kanzu hunywa maji, zikawa nzito na kuzonga miguu. Vazi la kuogelea lenye kufunika mwili ni salama zaidi, ingawa huko limezua mabishano mengi: mwaka 2016 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilisimamisha katazo la mji mmoja wa pwani, na mwaka 2022 ikazuia kanuni ya Grenoble iliyoliruhusu katika mabwawa ya mji. Ni vyema kusoma ubao wa kanuni kwanza kuliko kubishana ukiwa umelowa.

Mpwa wetu wa miaka 15 alitaka kuvuka hadi ng'ambo. Tulimruhusu kuogelea sambamba na ukingo tu, ndani ya eneo la waokoaji, pale ambapo akisimama maji yanamfika kifuani, akiwa na boya la rangi kali kiunoni. Alinuna, akaogelea. Nasi tulitembea ufukweni tukimfuata, hatua kwa hatua, mpaka simu ikaadhini Adhuhuri.