Mikono ya Peja: Maisha ya Kazi ya Majlinda Kelmendi

Judo ni mchezo wa kuangushana, lakini kazi yake kubwa hufanyika kabla ya mtu kuanguka, yaani katika kile kipindi kifupi ambapo wachezaji wawili hugombea ukosi na mikono ya mavazi yao, kila mmoja akitafuta pa kushika huku akimnyima mwenzake nafasi hiyohiyo. Ushikaji huo, ambao Wajapani huuita kumikata, hauwavutii watazamaji wengi, kwa kuwa wakitazama kwa mbali huona watu wanaosukumana na kupigana vikofi vya mikono tu; hata hivyo, ndani yake ndimo lilimojengeka jina la Majlinda Kelmendi, mwanamichezo wa kwanza kuiletea Kosovo medali ya Olimpiki. Maisha yake ya kazi yamezoeleka kusimuliwa kama kisa cha bendera, na kisa hicho ni cha kweli, lakini bendera haijawahi kumpiga mtu mweleka, na ni haki mikono nayo ipewe nafasi yake.

Kelmendi alizaliwa tarehe 9 Mei 1991 katika mji wa Peja, magharibi mwa Kosovo, wakati Yugoslavia ilipokuwa inameguka. Katika miaka hiyohiyo wanamichezo Waalbania wa Kosovo walijitoa katika timu za Yugoslavia, na miongoni mwao alikuwamo kijana wa Peja aitwaye Driton Kuka, mchezaji wa judo aliyekuwa na matumaini ya kwenda Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, ambaye aliiona nafasi hiyo ikimpita akiwa katika umri ambao mchezaji hukaribia kilele chake. Vita vya 1998 na 1999 viliuacha mji huo ukiwa na mitaa mizima iliyoteketezwa. Vilipokwisha, Kuka alianza kuwafundisha watoto wa Peja, na Kelmendi, aliyekuwa na umri wa miaka 8, akawa mmoja wao. Klabu yao iliitwa Ippon, jina la alama ya ushindi kamili, ile inayomaliza pambano papo hapo mpinzani anapoangushwa chali kwa nguvu na kasi, au anapobanwa sakafuni kwa muda uliowekwa, au anaposalimu amri kwa sababu ya kabari ya shingo au kiwiko kilichonyooshwa kupita kiasi. Kwa klabu ya mji uliokuwa bado unaondoa vifusi, lilikuwa jina la kujiamini kuliko hali halisi ilivyoruhusu.

Kazi ya kila siku ya mchezaji wa kiwango hicho ina sehemu mbili. Ya kwanza ni uchikomi, yaani kurudiarudia kuingia katika mbinu hadi kufikia ukingoni mwa kuangusha na kurudi nyuma, mamia ya mara, ili mwili ujifunze njia bila kusubiri amri ya kichwa. Ya pili ni randori, pambano huru la mazoezini, ambalo humfundisha mchezaji kuitumia njia hiyo dhidi ya mtu asiyetaka kuangushwa. Mbinu iliyojulikana zaidi mikononi mwa Kelmendi ilikuwa uchimata, ambayo mshambuliaji hugeuka na kumpa mpinzani mgongo, akapenyeza mguu mmoja katikati ya mapaja yake na kuufyetua juu kwa nyuma, huku mikono ikimvuta mbele kama mtu anayefungua mlango mzito. Mbinu hiyo haifai kitu mikono isipokuwa imeshika imara, na gharama ya kushika hulipwa na vidole. Vazi la judo hufumwa kwa pamba nene iliyo ngumu kama turubai, nalo hukwaruza ngozi na kusokota viungo, ndiyo maana wachezaji wengi hufunga vidole vyao plasta nyembamba kabla ya kupanda kwenye tatami, ile mikeka inayotandikwa uwanjani, na wakishazeeka katika kazi vidole hivyo huwa havinyooki tena sawasawa.

Gharama nyingine ni mzani. Wanawake hushindana katika makundi 7 ya uzito, na kundi la Kelmendi lilikuwa la wasiozidi kilo 52. Katika miaka ya kilele chake uzito ulipimwa jioni ya kuamkia mashindano, kisha asubuhi wachache waliochaguliwa kwa kura walipimwa tena, wakiruhusiwa kuzidi kwa asilimia 5 tu, yaani kutopita kilo 54.6, kwa hiyo mchezaji aliyekuwa amejinyima chakula na maji kwa siku kadhaa hakuweza kuvirudisha vyote usiku mmoja. Watu husifu ujasiri wa pambano la dakika 4 na kusahau njaa ya wiki nzima iliyolitangulia.

Kipaji chake kilionekana mapema, kwani mwaka 2009 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana jijini Paris. Lakini Kosovo, iliyojitangazia uhuru Februari 2008, ilikuwa haijatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (orodha ya nchi zinazoitambua bado ina mapengo hadi leo, na Kenya yenyewe imejiunga nayo mwaka 2025 tu), na hatua kama hizo, ambazo kwa wanadiplomasia ni karatasi, kwa mchezaji huwa sharti la kazi: bila chama kinachotambulika hakuna usajili, na bila usajili hakuna mashindano. Ombi la kumruhusu ashiriki Olimpiki ya London mwaka 2012 kama mchezaji asiye na taifa lilikataliwa, akaenda akiiwakilisha Albania, ambayo alikuwa na uraia wake. Huko alitolewa katika raundi ya pili na Christianne Legentil wa Mauritius. Baadaye Kelmendi alieleza hadharani kwamba alikuwa ameahidiwa fedha nyingi na nchi nyingine ili ahamie kwao, akakataa. Kukataa huko husifiwa kama uzalendo, na bila shaka ndivyo kulivyokuwa. Hata hivyo, mtu aliyefunzwa na kocha mmoja katika ukumbi mmoja tangu utotoni, akizungukwa na wenzake wanaoujua kila udhaifu wake, angehama na kuacha nyuma zana zake zote za kazi.

Mwaka huohuo wa 2012 Shirikisho la Kimataifa la Judo liliipokea Kosovo, na matunda hayakukawia. Mwaka 2013, jijini Rio de Janeiro, Kelmendi alimshinda Erika Miranda wa Brazil katika fainali, mbele ya mashabiki wa Miranda, akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata aliutetea ubingwa huo Chelyabinsk, nchini Urusi, kwa kumshinda Andreea Chițu wa Romania. Na kwa kuwa Urusi haikuitambua nchi yake, alishindana chini ya bendera ya shirikisho, na ndiyo iliyopandishwa aliposimama juu ya jukwaa. Desemba 2014 Kamati ya Olimpiki iliipa Kosovo uanachama kamili.

Aliporejea Rio mwaka 2016, safari hii kwa Olimpiki, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake katika sherehe za ufunguzi, na tarehe 7 Agosti akapanda kwenye tatami. Katika nusu fainali alimshinda Misato Nakamura wa Japani, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, na katika fainali akakutana na Odette Giuffrida wa Italia. Fainali hiyo haikuisha kwa ippon. Ilitofautishwa na alama moja ndogo iitwayo yuko, neno la Kijapani ambalo Mswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu, nayo ilitolewa kwa mwangusho uliokosa baadhi ya sifa za ule mkamilifu, kabla ya kufutwa katika kanuni za mwaka 2017. Baada ya kuipata, Kelmendi alibaki na kazi aliyoijua kuliko zote, ambayo ni kumnyima mpinzani mahali pa kushika, huku akiendelea kushambulia kiasi cha kumzuia mwamuzi asimpe shido, yaani adhabu ya kukwepa pambano. Wimbo wa taifa uliopigwa baadaye hauna maneno, na aliyekuwa juu ya jukwaa alikuwa analia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majeraha na kurudi. Alichukua ubingwa wa Ulaya kwa mara ya tatu mwaka 2017 na ya nne mwaka 2019, na mwaka huo wa 2019 akapata pia shaba ya dunia jijini Tokyo. Alirudi jijini humo Julai 2021 kutetea dhahabu yake ya Olimpiki na kushindwa katika pambano la kwanza na Réka Pupp wa Hungaria. Ajabu ya siku hizo ni kwamba jana yake Distria Krasniqi alikuwa ametwaa dhahabu ya kilo 48, na kesho yake Nora Gjakova akatwaa ya kilo 57, wote wawili wanafunzi wa Kuka na washirika wa miaka mingi wa randori yake. Ukumbi uliomlea ulikuwa umepata dhahabu mbili katika Olimpiki ambayo yeye mwenyewe alitoka mikono mitupu.

Mwaka huohuo alistaafu mashindano na kuingia katika ukocha wa timu ya taifa kando ya Kuka. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Krasniqi, aliyekuwa amepanda hadi kundi la kilo 52 lililokuwa la Kelmendi, alipata medali ya fedha, na Laura Fazliu akapata shaba ya kilo 63. Kanuni za judo humtaka kocha akae kitini pembeni mwa tatami na kunyamaza pambano linapoendelea, akiruhusiwa kusema pale tu mwamuzi anapotamka mate, neno la kusimamisha. Basi katika sekunde hizo chache, wakati mchezaji anafunga upya mkanda wake, kocha humwelekeza namna ya kushika.