Kutoka katikati ya mji hadi Kikula



Juma lililopita mama mmoja aliningoja nje ya darasa. Pesa za shule ya binti yake, kule katikati ya mji, zimemshinda, na sasa anampeleka shule ya karibu na nyumbani, Kikula. Akaniuliza: "Mwalimu, si nimemharibia mtoto maisha yake?" Nikamwambia, tutembee kidogo, maana njia hiyo naijua.

Likasi yetu ilijengwa vipande viwili. Wabelgiji waliuita mji huu Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière, na jina hilo lilidumu hadi 1966. Katikati waliweka njia pana na miti kwa ajili ya Wazungu. Waafrika waliwekwa mbali, kwenye mitaa kama Kikula, au karibu na viwanda vya Panda na Shituru. Ubaguzi ule umekwisha, ila mtoto anayebadili shule bado anavuka mpaka ule wa zamani.

Mimi niliuvuka nikiwa mwaka wa nne wa sekondari. Baba alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi. Kazi za migodi zilipopungua, cherehani nayo ikanyamaza. Mama akaanza kukaanga vitumbua, lakini havikutosha kulipa shule ya masista.

Shule ile ya kwanza ilikuwa ya wasichana watupu. Tulikuwa thelathini darasani, kila mmoja na kitabu chake. Ukizungumza Kiswahili uwanjani unaadhibiwa. Nilijifunza Kifaransa safi, kuwahi, na kuandika bila kufuta. Nilijifunza pia kuogopa kuuliza, maana anayeuliza alionekana mjinga.

Ya pili ilikuwa ya wavulana na wasichana pamoja. Tulipita sitini, watatu kwenye benchi moja, na kitabu kimoja kwa benchi zima. Mwezi wa kwanza sikusema na mtu. Niliona haya, na nyumbani hakuna aliyenieleza kwa nini nimehamishwa. Nilidhani nimefanya kosa.

Aliyenitoa kwenye ukimya huo ni msichana wa benchi langu. Asubuhi aliuza makala, kisha akaja shuleni na vidole vyeusi. Hesabu alizijua kuliko mimi. Alinifundisha kwa Kiswahili, akichora kwenye vumbi, nami nikamsahihishia Kifaransa chake. Hapo nikagundua kwamba mtu akieleza jambo kwa lugha ya nyumbani, linakaa. Mpaka leo nafundisha hivyo.

Shule zote mbili zilifuata programu moja ya serikali na mtihani mmoja wa mwisho, ule wa kupata diplome. Mimi niliufanya, nikafaulu, nikaenda kusomea ualimu. Yeye hakuufanya. Mwaka wa tano pesa zilikatika, akaolewa. Akili hakukosa. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapoona benchi lina nafasi katikati ya mwaka.

Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari bado tunalipa. Kwa hiyo wengi wetu tutawahamisha watoto. Ukifika huko, usimfiche binti yako. Mwambie wazi: pesa zimepungua, wewe hukukosa kitu. Nenda naye siku ya kwanza, msalimie prefe, mwulize jina la mwalimu wa darasa. Usiidharau shule mpya mbele yake, maana ataidharau naye, kisha atajidharau mwenyewe kwa kukaa pale. Na kikundi chetu kinapogawa pesa za akiba, tumkumbuke kwanza msichana aliye mwaka wa tano au wa sita. Huyo amebakiza hatua chache tu.

Tulipofika Kikula, mama yule alikuwa ametulia kidogo. Nilimjibu hivi: kubadili shule hakumharibu mtoto. Kinachomharibu ni kuhama bila kuelezwa, na kuachia njiani.

Binti yake anaanza Jumatatu. Mkimkuta njiani na daftari zake, msalimieni kwa jina.