Deni la Gari Lililo Juu ya Mawe

Kwa miaka mingi hapa Tanzania gari lilidaiwa hata likilala. Uliendeshe kutoka Rusumo mpaka Dar es Salaam, au ulipandishe juu ya mawe nyuma ya jiko, ada ya leseni ya mwaka ilihesabika vilevile. Sisi tuliiita rodi laisensi. Iliufuata usajili, na usajili hauharibiki giaboksi.

Baba alinunua Hilux mwaka 2005 kwa mfanyabiashara mmoja wa Kahama. Ilikuwa pikapu ya kabini moja, injini ya dizeli ya 2L. Wakaandikiana karatasi mbele ya mashahidi, fedha zikahesabiwa, baba akakabidhiwa funguo na kadi. Kadi ilikuwa na jina la yule mzee wa Kahama, na jina hilo likabaki. Ndivyo watu wengi walivyouziana magari, na ndivyo wengi wanavyouziana hadi leo: mwenye kadi mkononi ndiye mwenye gari, suala la kubadili jina utalifanya ukipata nafasi.

Kazi haikukosekana. Msimu wa kahawa Hilux ilibeba magunia kutoka vijijini. Siku za gulio ilipakia watu, maharage, ndizi na mbuzi kwenda Benaco. Msomaji asiyetoka wilaya yetu ya Ngara huenda jina la Benaco analijua kwa jambo jingine. Asili ya jina hilo ni kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuweka kambi yake pale. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la mpakani la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na eneo lile likageuka mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wakimbizi waliondoka Desemba 1996. Malori ya kwenda Rwanda hayakuondoka, na biashara ikabaki na malori.

Zama hizo kioo cha mbele cha gari kilikuwa ofisi ndogo. Stika ya bima, stika ya rodi laisensi, ya Nenda kwa Usalama, na pengine ya zimamoto. Baba alizibandika upande wa abiria, moja chini ya nyingine, kwa mstari ulionyooka. Trafiki alianza kusoma kioo kabla hajajibu salamu.

Mwaka 2009 giaboksi ikafa mlimani. Hilux ikavutwa hadi nyumbani, ikapandishwa juu ya mawe chini ya mparachichi, “mpaka msimu wa kahawa.” Msimu ukaja, ada za shule zikaimeza fedha yote. Betri ikauzwa. Matairi mawili akaazimwa baba mdogo, na kila anayejua matairi ya kuazimana anajua yalikoishia. Mama, ambaye hakuwahi kulipenda sana lile gari, ndiye aliyelipatia kazi mpya: alitandika turubai kwenye bodi ya nyuma akaanika kahawa, kwa kuwa bati lilishika joto vizuri na mbuzi hawakufika.

Baba alinituma nikaulizie deni kwenye ofisi moja mjini. Dada wa dirishani aliandika namba ya gari, akasubiri, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. Miaka yote ambayo kahawa ilianikwa mle ilikuwa imepangwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na adhabu yake ya kuchelewa.

“Dada yangu, gari hili halitembei.”

“Kwenye mfumo linatembea, kaka.”

Akanieleza bila ukali. Kama gari limekufa, mwenye gari arudishe kibao cha namba na kadi, usajili ufutwe. Nikamwambia mwenye gari ni baba yangu. Akasoma jina lililokuwa kwenye kioo, akaniuliza kama baba yangu ndiye huyo. Haikuwa hivyo.

Hata jina lingekuwa lake, baba asingekubali. “Kufuta nini? Hilo gari halijafa, limelala,” alisema, na habari ikaishia hapo. Kwa mtu wa kwetu kurudisha namba ni kukiri msiba. Sheria ilimpa mwenye gari njia mbili tu, kulipa au kulifuta, wakati magari mengi ya vijijini yako katikati: yanangoja spea, yanangoja mavuno, yanangoja kijana aliyeko Mwanza atume fedha. Wenzetu wa Uingereza waliiona hiyo hali ya katikati. Tangu mwaka 1998 mwenye gari lisilotumika kule hutoa taarifa serikalini kwamba gari haliko barabarani, na kodi yake inasimama mpaka atakapolirudisha.

Jioni moja simu ya baba ikaita. Ilikuwa Kahama.

“Habari za siku, mzee mwenzangu. Gari langu bado lipo?”

“Gari lako?” Baba alicheka.

“Ndivyo wanavyosema huku. Nimefuata mambo yangu ya kodi, naambiwa nadaiwa gari.”

Mzee yule hakufoka, ila kicheko kilimkauka baba. Waliahidiana kwenda pamoja kubadili jina. Mmoja akaugua, mwingine akawa na harusi, mvua zikanyesha.

Nje ya ua wetu, dunia ya magari ilikuwa inabadilika haraka. Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa jembamba. Malori yalivuka kwa zamu, na dereva aligonga mihuri ng'ambo hii kisha akaianza upya ng'ambo ya pili. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, kazi iliyofadhiliwa na Japani. Lori la mzigo wa Kigali sasa likakaguliwa mara moja, likavuka mto Kagera, likahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara kama sheria ya Rwanda inavyotaka, likaenda zake. Hilux yetu haikuweza kutoka hata kwenye daftari.

Halafu ikaja bajeti ya Juni 8, 2017. Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alitangaza bungeni Dodoma kwamba ada ya leseni ya kila mwaka inafutwa, malimbikizo yake yanasamehewa, na ada italipwa mara moja tu gari linaposajiliwa. Kwa gari kama letu, la kati ya cc 1501 na 2500, ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Uganda walikuwa wamefanya jambo kama hilo miaka kumi kabla. Baba alikuwa na redio sikioni. Aliinuka kitini, akaenda mpaka chini ya mparachichi, akaipiga kofi Hilux kwenye boneti kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Fedha iliyofutwa ilihamia kwenye mafuta. Ushuru uliongezwa shilingi 40 kwa lita: petroli kutoka 339 hadi 379, dizeli kutoka 215 hadi 255. Nakubaliana na hoja yake. Anayeitumia barabara sana hununua mafuta mengi, na lori linalojaza tangi Benaco kabla ya kuvuka linachangia barabara iliyolifikisha pale. Lakini mafuta ya taa nayo yaliongezwa 40, kutoka 425 hadi 465, ili wachakachuaji wasipate upenyo wa kuyachanganya na dizeli. Sababu hiyo inaeleweka. Bado, vijijini kwetu mwaka ule jirani aliyesomesha wajukuu kwa koroboi alianza kulipa sehemu ya ada ya magari, na mwenye mashine ya kusaga vivyo hivyo, ingawa injini yake imefungwa kwenye zege na haitaiona barabara milele. Gari lililolala likaachiwa, taa ikadaiwa. Hilo halikupigiwa makofi wala kuzomewa, lilipita tu.

Tuliamini mambo yameisha. Baba alipofariki, fundi mmoja wa Benaco alikuja akitaka kuinunua Hilux kwa ajili ya injini, maana 2L bado inatafutwa. Alikagua, akaridhika na bei, akaomba kadi. Aliposoma jina akairudisha mezani. Alikuwa ameumwa na nyoka huyo kabla: siku hizi faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na mnunuzi hukuta madeni ya watu asiowajua. Tukapiga simu Kahama. Aliyepokea alikuwa binti wa yule mzee, akatuambia baba yao naye ametangulia mbele ya haki, mirathi haijafunguliwa, na ndugu hawajaelewana nani awe msimamizi.

Kwa hiyo gari halidaiwi tena, na haliuziki. Linahitaji mahakama mbili, ya Ngara na ya Kahama, kwa ajili ya chuma ambacho mnunuzi wa chakavu angekipima kwa mzani na kumaliza kwa nusu saa. Wewe msomaji uliye na gari juu ya mawe, ichukue kadi leo usome jina lililoandikwa. Kama si lako, mtafute mwenyewe mwende mkabadili wakati nyote wawili mngali hai.