Kasia la Kushoto



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Muleba. Siku ya tatu tangu nifike, katekista wetu alimtuma mtoto aniite ofisini parokiani. Nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, katikati ya magunia ya kahawa, tangu tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa ofisi ya zamani.

“Frateri,” aliniambia, “humu ndani kuna orodha ya wabatizwa tuliyoichapa miaka ile. Kabla hatujaitupa, hebu tutolee hiyo orodha.”

Kompyuta haikuwaka. Nilifungua bisibisi nne, nikachomoa diski, nikaifunga kwenye kitambaa na kesho yake nikapanda Hiace kwenda Bukoba. Fundi mmoja karibu na soko aliniazima kebo ya kuunganisha diski za aina ile na kompyuta za sasa. Diski ilinguruma kama paka mgonjwa, lakini ilisoma. Orodha ya katekista nikaipata baada ya dakika kumi. Ningeweza kufunga na kurudi nyumbani, ila jicho langu liliangukia folda nyingine iliyokuwa imejificha kati ya mafaili ya Windows XP. Iliitwa Pinball.

Wasomaji wa rika langu waliowahi kugusa kompyuta za shule au za parokia wataukumbuka mchezo huo. Jina lake kamili ni 3D Pinball: Space Cadet. Kulikuwa na meza iliyolala kama mteremko, na mpira mdogo wa chuma ulirushwa juu, ukagonga taa na vikwazo, kisha ukateremka. Chini kulikuwa na vibao viwili vya kuurudisha juu kabla haujadondoka katikati. Watoto wa kando ya ziwa hatukuwa na jina la vibao hivyo, tukaviita makasia. Kasia la kushoto lilipigwa kwa herufi Z, na la kulia kwa alama ya mkwaju iliyo upande wa pili wa kibodi.

Mimi nilikuwa kasia la kulia. Kaka yangu alikuwa kasia la kushoto.

Paroko wa wakati ule alituruhusu kuingia ofisini Jumamosi baada ya kufagia kanisa. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo tulikaa nusu kwa nusu, kila mtu na mkono mmoja kibodini. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Hakupenda nipige kabla ya wakati. “Ngoja ukujie,” aliniambia. “Usiukimbilie.” Mchezo ulikuwa na jedwali la wachezaji watano bora, na tulipoingia humo tuliandika majina yetu yote mawili, yameunganishwa bila nafasi.

Mwishoni mwa mwaka 2013 kaka aliacha shule akiwa kidato cha tatu, akaenda kisiwani Goziba kuvua dagaa. Marehemu baba aliniambia kwamba kaka amechoka na masomo, ameipenda pesa ya ziwa. Januari iliyofuata niliingia seminari ndogo. Niliondoka na kinyongo ambacho sikukitaja hata kwenye kitubio, maana sikujua kama ni dhambi. Niliona kwamba ameniacha kwenye kiti peke yangu.

Hatukuwahi kugombana. Mazungumzo yalipungua tu mwaka hadi mwaka, mpaka yakabaki salamu. “Shikamoo, kaka.” “Marahaba, Frateri.” Basi.

Ndiyo maana nilipoiona ile folda pale kwa fundi, niliinakili kwenye flashi kabla sijafikiri nitaifanyia nini.

Sasa niwaeleze kidogo kazi ya kufufua mchezo wa zamani, maana nilidhani ni kubofya tu. Kompyuta yangu ndogo inatumia Linux, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haifunguki humo. Usiku wa kwanza sikupata kitu. Usiku wa pili nilijaribu kutengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta, yaani kuiambia mashine yangu ijifanye mashine ya zamani na kubeba mfumo wote wa zamani tumboni. Ikawa nzito, ikaganda, na betri ikaisha. Usiku wa tatu nilitumia programu iitwayo Wine, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993. Maana ya neno hilo ni divai, na naomba mafrateri wasicheke. Kazi yake ni ya mkalimani: mchezo unaomba jambo kwa lugha ya Windows, Wine inaligeuza papo hapo kuwa lugha ya Linux. Kwanza nilikuwa nimeiwekea faili kuu peke yake, ikakataa, kwa sababu faili hilo bila yale yenye ramani ya meza na sauti ni kama padre aliyefika kigangoni bila hostia. Nilipoweka folda nzima pamoja, dirisha dogo likafunguka, muziki ukalia, na mama akauliza kutoka chumbani kama nimeanza kuchezea simu usiku.

Kabla ya hapo, nikiwa kwa fundi Bukoba, nilikuwa nimetafuta kwenye intaneti kwa nini mchezo huu ulipotea. Ulitengenezwa na kampuni ya Cinematronics na ukatoka mwaka 1995, kisha ukaingizwa kwenye Windows. Dave Plummer, aliyeuhamishia kwenye Windows NT, amesimulia kosa lake mwenyewe: aliuacha uchore picha za meza kwa kasi yoyote ambayo mashine ingeweza. Kwenye mashine za siku zile haikuwa taabu. Mashine zilipopata nguvu, mchezo ukawa unachora hadi picha 5,000 kwa sekunde, ukila nguvu zote bila mchezaji kuona faida. Mwenzake wa Microsoft, Raymond Chen, akauwekea kikomo cha picha 100 kwa sekunde.

Chen huyo huyo alieleza mwaka 2012 jinsi mchezo ulivyoondolewa. Walipokuwa wakiuhamishia kwenye mashine za biti 64, mahesabu ya desimali yalitofautiana kidogo tu na ya zamani, na tofauti hiyo ikatosha kuufanya mpira usitambue kwamba umegonga kitu. Ulipita ndani ya vikwazo kama mzimu. Mchezo ulipoanza tu, mpira uliteremka polepole, ukapenya kirusha mpira chenyewe, ukatokea chini ya meza. Wahandisi walifungua maandishi ya programu watafute kosa, wakakuta kurasa zilizoandikwa miaka mingi nyuma na kampuni nyingine, karibu bila neno moja la maelezo. Hakuna aliyeelewa kwa nini kitu kilifanywa hivi na si vile. Wakaamua kuuacha. Windows Vista ikaja bila huo mchezo.

Katika somo la falsafa tumefundishwa kanuni ambayo Mtakatifu Thomas wa Akwino anaitumia mara nyingi: kitu hupokelewa kadiri ya hali ya yule anayekipokea. Maji yaleyale huchukua umbo la mtungi au la kikombe. Niliiandika kwenye daftari na nikajibu nayo mtihani. Lakini niliielewa pale dukani kwa fundi. Mchezo ulikuwa uleule, herufi kwa herufi. Mpokeaji ndiye aliyebadilika, na kwa mpokeaji mpya mpira ukawa mzimu. Nikakumbuka pia maneno ya baba kuhusu kaka. Niliyapokea nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa ukubwa wa moyo wa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyeniachia maelezo pembeni.

Lipo jambo moja nililoshindwa. Jedwali la wachezaji bora halikai kwenye folda ya mchezo. Windows huliweka mahali pengine, kwenye sajili yake yenyewe. Nililitafuta faili la sajili kwenye ile diski, na sehemu hiyo ilikuwa imeharibika. Nilijaribu mara nyingi kuliko nilivyojaribu kuipata orodha ya wabatizwa, Mungu anisamehe. Nilitaka kuyaona yale majina mawili yaliyounganishwa. Mchezo ulirudi, ila jedwali lilirudi tupu.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, na wavuvi wengi hurudi nyumbani kupumzika. Kwa hiyo kaka hufika kwetu mwezi ukiwa mpevu. Safari hii alifika jioni, akiwa na dagaa wakavu kwenye ndoo na suruali yenye harufu ya mafuta ya injini. Nikamwamkia. “Shikamoo, kaka.” “Marahaba, Frateri.” Mama akatuletea kahawa ya kutafuna, tukatafuna kimya.

Baada ya kula niliweka kompyuta mezani, nikafungua mchezo bila kusema neno. Muziki ulipolia aliacha kutafuna. Akasogeza kiti chake hadi kikagusa changu, akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya Z. Hakuuliza ipo wapi. Kidole kile sasa kina kovu la mshipi na ukucha uliokufa, lakini kilifika penyewe.

Tulicheza vibaya sana. Mpira wa kwanza haukukaa mezani hata nusu dakika. Wa pili niliukimbilia, naye akasema kama zamani, “Ngoja ukujie.” Ilipofika duru ya tatu mikono yetu ilianza kuelewana, na macho yote yakiwa kwenye mpira, kaka alianza kuongea.

“Siku niliyoacha shule nilipita parokiani,” alisema. “Paroko alinifungulia. Nikacheza peke yangu, mikono yote miwili. Sikufika mbali.”

Nikapiga kasia. “Baba alisema ulichoka kusoma.”

“Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo.” Akapiga lake. “Migomba ilikuwa imekwisha kwa mnyauko. Kibanja chote. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Ningekwambia ukweli ungekataa kwenda seminari. Nakufahamu.”

Nilitaka kujibu, koo likakataa. Mpira ukapita katikati, kati ya makasia yetu mawili, na hakuna aliyepiga.

“Angalia mpira,” alisema.

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini aliweza kuyasema hayo pale na si katika miaka yote kumi na moja ya salamu. Nadhani kukaa uso kwa uso kulitushinda. Yeye alimwona Frateri, mimi nilimwona mtu aliyeniacha. Tulipokaa bega kwa bega tukitazama kitu kimoja, kila mmoja akiwa na kasia lake, neno likapata njia. Huenda ndiyo sababu watu wengi huungamana mambo makubwa wakiwa wanachambua kahawa au wanamenya ndizi. Wale wanaojiandaa kuwa mapadre, nami nikiwa mmoja wao, tujifunze kukaa hivyo na watu pia, si nyuma ya meza ya ofisi tu.

Sitaki kudai kwamba mchezo umetupatanisha. Kaka aliniomba msamaha wa uongo ule, nami nikamwomba msamaha wa kinyongo, lakini hilo lilikuja asubuhi yake kibanjani, bila kompyuta. Na miaka yake ya shule haijarudi. Ada ile ilishalipwa, na mimi ndiye niliyekaa darasani. Nikisoma Aristotle hapa Bukoba, kuna mtu anayetandaza dagaa juani ambaye alikuwa na akili ya hesabu kunizidi. Hilo sijui nitalilipaje, na yeye hataki nilitaje.

Katekista amepata orodha yake. Nimemshauri aichapishe kwenye karatasi pia, kwa sababu daftari la ubatizo linasomwa na yeyote mwenye macho, wakati faili linasomwa na mashine ambayo kesho haitakuwapo. Nawe, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna diski ya zamani, inakili mapema. Na kama kuna mtu aliyeondoka bila kuacha maelezo, usisubiri uwe na maneno mazuri. Tafuta kiti cha kukaa naye.

Usiku ule tulipomaliza, mchezo ulituuliza jina, kwa maana jedwali likiwa tupu hata alama chache zinaingia. Nikaanza kuandika jina la kaka. Akanizuia mkono.

“Yote mawili,” alisema. “Bila nafasi.”