Tulipogundua Mwenzetu Ana Bastola

Chama chetu cha Kiswahili hukutana kila Alhamisi saa moja jioni. Tunasoma habari moja, tunaijadili kwa Kiswahili tulicho nacho, kisha tunakula kilicholetwa. Muhula uliopita, katika mkutano mmoja wa mwezi wa pili, kifuniko cha bakuli la maandazi kilianguka chini. Mwenzetu mmoja akainama kukiokota, shati likapanda, na sisi watatu tuliokaa nyuma yake tukaona bastola kiunoni mwake. Hakuna aliyesema kitu. Tuliendelea kula, lakini maandazi hayakuwa na ladha tena.

Makala hii tunaiandika sisi watatu kwa ruhusa yake. Aliomba tusimtaje jina, na amesoma kila aya kabla hatujaikabidhi kwa mhariri.

Kwanza tuseme wazi kwamba hakuvunja sheria. Tunaishi Houston, Texas. Tangu tarehe 1 Agosti 2016, mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa katika sehemu nyingi za vyuo vikuu vya umma vya jimbo hili. Siku hiyo ilitimia miaka 50 kamili tangu mtu mmoja apande mnara wa chuo kikuu cha Austin na kuanza kuwapiga watu risasi. Nje ya chuo, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii hahitaji hata leseni. Ndiyo maana baadhi ya maduka na hospitali hubandika mlangoni mabango ya Kiingereza na Kihispania yanayokataza bastola. Tumekua tukiyapita mabango hayo bila kuyasoma, kama mtu anavyopita bango la kukataza sigara. Hatukuwahi kujiuliza kuhusu milango isiyo na bango.

Wiki iliyofuata mmoja wetu hakuja mkutanoni, akasema ana mtihani. Wa pili alikuja akakaa karibu na mlango. Wa tatu alikaa mahali pake pa siku zote lakini hakufungua mdomo, kwa sababu mada ilikuwa siasa na aliogopa kubishana na mtu mwenye silaha. Tulipokutana sisi watatu baadaye ndipo tulipokiri kwamba tulikuwa tunamwogopa kijana yule yule ambaye mwaka jana alitufundisha kusukuma chapati. Tukaona aibu. Tukaamua kumwuliza.

Hakukasirika. Alituambia anafanya kazi zamu ya usiku katika kituo cha mafuta, na kwamba usiku mmoja watu wawili waliingia, mmoja akamwekea bastola shingoni. Walichukua pesa wakaondoka. Hakuumia. Lakini tangu siku hiyo, akisikia kengele ya mlango wa duka, mikono inamtetemeka. Akanunua bastola, akafanya mafunzo, akapata leseni. "Mimi si mtu wa fujo," alisema. "Mimi naogopa, basi. Nikiwa nayo nalala." Halafu akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nyinyi mngefanya nini?"

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatuna haki ya kumcheka. Naye si wa ajabu katika nchi hii. Katika uchunguzi wa shirika la Pew wa mwaka 2023, asilimia 72 ya Wamarekani wenye bunduki walisema kujilinda ni sababu kubwa ya kuwa nayo. Zamani tulidhani wanaobeba bastola ni watu wanaotaka kutisha. Sasa tunafikiri wengi wao ndio waliotishwa.

Kuna methali nyingine tuliyoijadili sana: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wazazi wetu huitumia kutufundisha tusijitie hatarini. Lakini ukiitazama vizuri, mwoga wa methali hii anapona kwa sababu anakimbia. Anaona hatari, anageuka, anafika nyumbani, na nyumbani wanacheka naye. Woga wake unamtoa mahali penye shari. Bastola inaubadilisha woga huo. Mwenye nayo bado anaogopa, moyo unamwenda mbio vile vile, ila sasa hana sababu ya kuondoka. Na sheria ya Texas, tangu mwaka 2007, inamwambia kwamba akiwa mahali anapostahili kuwepo, bila kumchokoza mtu wala kufanya kosa, halazimiki kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu kujitetea. Tunaogopa mtu mwoga asiyekimbia kuliko tunavyomwogopa shujaa.

Tulipofika hapo mmoja wetu alikumbusha yaliyotokea Kansas City mwezi wa Aprili 2023. Kijana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea mtaa kwa sababu majina ya mitaa yanafanana, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe. Mzee wa miaka 84 alimpiga risasi kichwani kupitia mlangoni. Kijana alipona. Mzee aliwaambia polisi kwamba aliogopa. Sisi tunamwamini. Hatudhani alidanganya, na hilo ndilo linalotutisha, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli na kijana hakuwa amefanya lolote. Sote watatu tuna kaka na wadogo wa kiume wanaobonyeza kengele za watu.

Mwenzetu alisikiliza, akasema yeye si mzee yule. Tulikubali. Kisha mwezi wa tatu yakatokea ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Tulikuwa katikati ya kusoma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyechelewa, alikuwa amebeba chupa za soda mikono yote miwili, kwa hiyo akaufungua mlango kwa teke. Mlango ukagonga ukuta. Mwenzetu alikuwa amekwisha simama, na mkono wake ulikuwa chini ya shati. Hakuitoa. Yote yalichukua muda wa kuvuta pumzi moja. Yule wa mwaka wa kwanza alicheka akaomba radhi kwa kuchelewa, hakujua lolote. Sisi tulimtazama mwenzetu, naye alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtoka.

Jioni hiyo mmoja wetu alimsimulia mama yake. Mama huyo alikimbia Uvira mwaka 1996, akavuka Ziwa Tanganyika, akaishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Binti yake alizaliwa humo. Alinyamaza kidogo, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ile kitu tuliikimbia. Sasa imetufuata mpaka mu masomo?" Baadaye akauliza kama yule kijana ana mama hapa Houston. Alipoambiwa mama yake yuko Mombasa, alipika sombe na wali, akamtumia kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakuongeza ujumbe wowote.

Hatukupiga kura ya kumfukuza, ingawa mmoja wetu alitaka hivyo na bado anaona ingekuwa sawa. Tulifanya mambo mawili. La kwanza, mkutano ukiisha tunatembea pamoja hadi kwenye magari na kituo cha basi, hakuna anayeondoka peke yake gizani. La pili lilitoka kwake. Alisema nyumbani kwao Mombasa hakuna mtu aliyeingia bila kupiga hodi, na mwenye nyumba alikuwa hainuki kitini mpaka ajue sauti ni ya nani. Aliomba tufanye hivyo hivyo. Siku hizi kila anayechelewa anasimama nje ya mlango na kupiga hodi kwa sauti, na darasa zima linajibu "karibu". Wanafunzi Wamarekani wanaojifunza Kiswahili wanadhani ni mazoezi ya lugha. Ni mazoezi, ila si ya lugha tu.

Tunajua hodi haizuii mwizi wa kituo cha mafuta. Pia tunajua kwamba mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe, hatari ambayo haiingii kwa mlango wowote. Tulimwambia hilo pia, kwa sababu asiyelala usiku ni mtu wa kuangaliwa na wenzake. Alisema anaonana na mshauri wa chuo.

Tulipomwuliza tuandike nini mwishoni, alijibu: "Andikeni kwamba Alhamisi naiacha nyumbani. Siku nyingine bado."