Programu ya jukwaa: nilivyochagua nikakosea

Wengi huniuliza jukwaa la mazungumzo lijengwe kwa programu ipi, Discourse au phpBB. Wacha kwanza niwasimulie nilivyokosea.

Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu. Yeye na akina mama wenzake walikuwa na kundi la WhatsApp, na shida yake mnaijua: swali la jana usiku huzikwa na salamu za asubuhi. Mama mgeni akiuliza afanye nini mtoto akishikwa na maumivu, jibu lilishatolewa mara nyingi, lakini atalipata wapi? Dada akaniambia, "Si wewe ulisomea kompyuta? Tutengenezee mahali maneno yatakaa."

Nikachagua Discourse. Ilizinduliwa mwaka 2013, imeandikwa kwa Ruby, hifadhidata yake ni PostgreSQL, na kusema kweli inapendeza. Nikakodi seva ya kumbukumbu ya 2GB, nikaunganisha huduma ya kutuma barua pepe, nikajipongeza. Baada ya wiki mbili tulikuwa wanachama wanne, mmoja wao mimi.

Dada hakunilaumu. Alinipa tu simu ya jirani yake, mama wa watoto wawili wenye ugonjwa huo. Kivinjari chake ni cha zamani, kwa hiyo jukwaa lilifunguka la kusoma tu, bila pa kuandikia. Barua pepe alifunguliwa na aliyemuuzia simu, na neno la siri halijui hadi leo! Programu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechagua nikitazama kompyuta yangu.

Nikahamia phpBB, mkongwe wa tangu mwaka 2000. Inatumia PHP na MySQL, inatosha kwenye seva ya bei nafuu, na mtu huandika hata JavaScript ikiwa imezimwa. Ina mpangilio unaoruhusu watu wengi kutumia anwani moja ya barua pepe. Nikauwasha, nikawasajili akina mama kwa anwani yangu. Najua, wataalamu mtanipigia kelele. Anayesahau neno la siri hunipigia simu, basi. Ila masasisho sichelewi: Desemba 2004 kirusi Santy kilivamia maelfu ya majukwaa ya phpBB ambayo hayakuwa yamesasishwa, kikiyatafuta kupitia Google.

Yule jirani aliandika swali lake la kwanza saa nane usiku. Kufikia alfajiri alikuwa na majibu matatu. Bado yapo.