Chuma Ndani ya Zege

Kikulacho ki nguoni mwako. Mithali hii yafaa zege kama imfaavyo mwanadamu. Nanyala, wilayani Mbozi, ni mbali na bahari. Lakini adui wa chuma si chumvi peke yake. Zege jipya lina ukali wa magadi uvikao nondo utando wa kinga. Hewa ya ukaa ikipenya kwa miaka mingi, ukali hupungua, utando huvuka, kutu huanza. Kutu hiyo ina adabu ya kubisha hodi: huvimba, hupasua zege, hutoa madoa. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, hustahimili zaidi. Ila kilichotiwa nguvu nyingi na kukazwa sana chaweza kupasuliwa na chumvi bila ya doa.

Hata chuma cha kawaida chenye nguvu nyingi huweza kukatika kwa siri. Tarehe 21 Mei 1980, sehemu ya paa la Kongresshalle, Berlin, iliporomoka kwa sababu nyaya zilizokazwa ndani yake ziliota kutu zikakatika. Mtu mmoja alikufa. Jengo lilifunguliwa 1957.

Basi mjenzi wa Nanyala na afunike nondo kwa zege la kutosha, wala asipunje saruji. Alalaye chini ya dari haoni ndani yake. Ameuamini mkono wa mwingine.